Nyumba Isiyotaka Feni

Siku ambayo mkunga alikabidhiwa funguo za fleti yake ilikuwa Jumamosi ya kawaida tu, jua linawaka, mtaa umejaa honi za pikipiki na sauti za wauza matunda. Majengo ya pale yamebanana kiasi kwamba ukianika shati barazani kwako, linapigana na nguo za jirani wa ng'ambo. Jirani mwenyewe alikuwa dobi, mama mcheshi, aliyemkaribisha kwa kumwambia kwamba akiishiwa chumvi asijisumbue kushuka ngazi. Anyooshe mkono tu.

Aliyemuuzia fleti ni dada yake wa tumbo moja. Mama yao alipofariki, dada huyo ndiye aliyemsuka nywele, akamlipia shule, akamsindikiza mpaka chuo cha uuguzi akiwa amembebea sanduku kichwani. Kwa hiyo aliposema, "Mdogo wangu, chukua wewe hii nyumba, nisimpe mtu baki," mkunga hakuuliza maswali mengi. Aliuza kiwanja chake, wakamalizana.

Na nyumba yenyewe, acha kabisa! Vyumba vitatu, sebule ya kuchezea mpira, kuta nene, madirisha ya vioo viwiliviwili. Joto la nje likizidi, ndani kunapoa kama mtungini. Baridi ikija, ukiingia tu unavua sweta. Feni hakuna, hita hakuna, na mita ya umeme ni kama imelala usingizi.

"Hii inajitegemea," dada alimwambia, akimpa funguo pale chini getini. Hakupanda juu.

Kwa miaka miwili mkunga alikuwa amemwona dada yake akivaa masweta mawili hata juani, akidai ana homa isiyosikia dawa. Siku ile jasho lilimtiririka shingoni, naye akalifuta huku akicheka kama bibi harusi. Mkunga alifurahi kuliko alivyofurahia nyumba. Dada amepona.

Baridi ilimwanza yeye vidoleni. Wodini, mama mmoja mwenye uchungu aliruka kitandani alipoguswa tumbo. "Nesi, mikono yako! Umeshika barafu?" Wauguzi wenzake wakacheka. Tangu siku hiyo akawa analoweka mikono kwenye maji ya moto kabla ya kumshika mzazi.

Kisha akaona mabadiliko kwa binti yake. Alikuwa wa miaka minane, meno ya mbele yamemtoka, kila mtu anamwita Pengo. Mtoto asiyejua kukaa chini. Sasa akirudi shule anakwenda moja kwa moja sebuleni, anabandika shavu ukutani, anatulia tuli.

"Unafanya nini hapo?" mama yake alimuuliza.

"Nasikiliza."

"Unasikiliza nini?"

"Mimi."

Mkunga alimvuta. Mkono wa mtoto ulikuwa wa baridi. Akaugusa ukuta. Ulikuwa vuguvugu, kama tumbo la mjamzito.

Jumatano iliyofuata hakuwa na zamu. Saa sita mchana, mtoto akiwa shuleni, alitoa kwenye mkoba kile kipembe anachosikilizia mapigo ya mtoto tumboni. Alijiona mjinga. Hata hivyo akakiegemeza ukutani, akatega sikio.

Kulikuwa na pigo. Zito. La polepole.

Akakishusha kipembe mpaka kimo cha mtoto. Akasikia pigo la pili. La haraka. Likienda mara nne, linakosa moja. Mara nne, linakosa moja.

Alilijua. Alilisikiliza usiku na mchana binti yake akiwa mchanga, mpaka daktari alipomtoa wasiwasi kwamba mtoto amezaliwa nalo tu. Ulikuwa moyo wa Pengo.

Na Pengo alikuwa shuleni.

Alifika kwa dada yake mbiombio, hata mlango hakubisha. Dada alikuwa jikoni amevaa kigauni chepesi, anakata vitunguu. Watoto wake watatu walikuwa wakipiga kelele uani.

"Dada. Mle ndani mna nini?"

Kisu kikasimama. "Sijui ni nini," dada alinong'ona. "Nilikikuta."

"Na hukuniambia?"

"Kilikuwa kinamvuta mwanangu wa mwisho. Hatoki ukutani. Ningefanya nini?"

"Ungehama!"

"Tulihama. Hakikutuachia, mpaka nikipe mwingine wa damu yetu."

Mkunga alikaa kwenye kigoda. "Kwa hiyo ukanitoa mimi."

Dada alitazama vitunguu vyake.

"Kilitaka mtoto," alisema.

Wakati huo huo yule kitindamimba aliingia mbio, amelowa jasho, akamkumbatia mama yake mdogo kiunoni. Alikuwa wa moto kama mkate uliotoka jikoni. Dada alimdaka mkono, akamvuta haraka nyuma ya gauni lake, kana kwamba mtu wa kuogopwa pale ndani ni mkunga. Hapo ndipo moyo ulipomkatika. Mengine yote labda angeweza kuyasamehe.

Jioni haikumkuta kwenye ile fleti. Alifungasha nguo, akapanga chumba kimoja upande wa pili wa mji, chumba cha joto, cha bati, chenye feni inayolalamika. Fleti aliifunga, akakataa kuiuza kwa yeyote. Simu za dada hakupokea tena. Pengo alianza kurukaruka kama zamani, ila sweta havui.

Baada ya wiki chache dobi alimpigia. "Jirani, umempangisha mtu?"

"Hapana. Kwa nini?"

"Kwenye kioo cha sebule, kwa ndani, kuna ukungu wa pumzi. Kiduara. Unafutika, unarudi."

"Uko juu au chini?"

"Chini. Kimo cha mtoto."

Mkunga hakwenda kutazama. Mwaka ukapita. Juzi, asubuhi ya kufungua shule, dobi alipiga tena, na safari hii hakusalimu.

"Ule ukungu umepanda," alinong'ona. "Kama vidole vinne."

Mkunga alishusha simu. Mbele yake Pengo alikuwa amesimama na sare ya mwaka jana, akilalamika kwamba sketi imekuwa fupi. Akapiga magoti, akapima pindo kwa mkono wake wa baridi.

Vidole vinne.