Nyumba Iliyorukwa

Siku moja ya soko Masisi, mwaka wa 1966, watu wamebanana, Athanase akakanyaga maharagwe ya Emérita.

"Kaka, ile shati nyeupe njo inakuziba macho?"

"Unisamehe, dada. Nilikuwa naangalia mwenye maharagwe."

Tazama ulimi huo! Emérita akajifanya kukaza kitenge chake cha manjano, lakini moyo ulishamwenda mbio. Kijana alikuwa karani wa ankete, anazunguka milimani kuuliza familia zinalima nini na zinakula nini. Wakawa wanaonana kila soko, hata siku moja akasema, "Juma hili niko kwenye mulima wenu."

Emérita akafagia uwanja, mama yake akatenga pombe ya ndizi. Jamaa wa Evode, kijana wa bondeni, nao walikuwa wanamposa Emérita, lakini baba yake, Kabera, alitaka kwanza kumwona huyu karani.

Karani akaja kweli. Akainamisha kichwa, akaupita uwanja huo, akaingia kwa jirani, Mama Libérata, mwenye mabinti tu. Akakaa, akanywa. Kwao, mwanamume akiruka nyumba inayomngoja akakaa ya jirani, amekwisha kukataa, na mlima mzima uliona. Aibu iliyoje! Kabera akatuma neno: jamaa wa Evode waje Jumapili.

Emérita akamvizia Athanase njiani, machozi yakimlenga.

"Mabinti ya Mama Libérata wanakupendeza kunipita?"

"Sikuwachagua. Tunahesabu nyumba, kila ya tano njo tunaingia. Muntu akiingia tu kwa wenye anapenda, ankete yote inakuwa uongo. Yenu ilikuwa ya nne."

"Na kunisalimia, ile hesabu ilikukataza?"

Maskini, alipenda mpaka akawa mjinga.

"Niliogopa," akasema Athanase. "Ningesimama kwenu, singeondoka tena."

"Basi kamwambie Papa. Mimi nimeshasikia."

Jumapili asubuhi, kabla jamaa wa Evode hawajapanda mlima, Athanase alisimama uwanjani na baba yake mdogo, mikono mitupu, hata kalamu hana.

"Wewe njo ulinipita," akasema Kabera.

"Njo mimi, Papa. Ile siku hesabu njo ilinichagulia nyumba. Leo nimechagua mwenyewe."

Kabera akamtazama sana, kisha akamtazama binti yake, aliyekuwa analia mlangoni wala hafichi.

"Emérita," akasema, "letea wageni viti."