Mlango wa Ubavuni

"Hii rangi umepaka wewe?"

"Rangi ni ya jiji, mpenzi. Mimi natumwa tu."

"Sijauliza rangi ya nani. Nauliza brashi ilikuwa mkononi mwa nani."

Futi akainama kufuta kiatu ambacho hakikuwa na vumbi. Ndivyo alivyo akibanwa. Chini, mbele ya tairi la gari la chakula la mchumba wake, kulikuwa na alama nyeupe, mkato juu ya mkato, kama ile inayowekwa kwenye nyumba za kubomolewa. Bado mbichi.

Mchumba mwenyewe watu walimwita Moshi, maana kabla hujamwona umeshamnusa. Gari lake lilikuwa basi dogo kuukuu, limetobolewa dirisha ubavuni, ndani majiko ya gesi na sinki la kubabaisha. Miaka yote aliuzia viazi na kuku kwenye kona ya mabenki huku akikimbizana na askari wa jiji. Sasa baraza la jiji lilikuwa limelegeza: magari ya chakula ruksa katikati ya mji, ila kwa kibali, na kila gari likae mita thelathini kutoka mlango wa mgahawa.

Mpimaji wa jiji aliyeandika kanuni hiyo na kupewa kazi ya kuisimamia alikuwa Futi, ambaye hata kanisani huenda na utepe kiunoni. Na mgahawa wa pale kona ni wa shangazi yake, aliyemlea tangu mama yake afariki. Mtaa ukacheka: Moshi hata akichemsha maji matupu, kibali anacho.

"Tulia basi," Futi akasema. "Hiyo inaonyesha tu gari linaposimama. Mlango wa Shangazi uko mbele kule, umeuvuka mita thelathini na chenji. Siku ya ukaguzi bosi anakuja, napima mbele yake, unabandikwa stika. Halafu tunaoana."

"Kwa mpangilio huo?"

"Ukitaka tunaanza na ndoa."

Wakacheka. Nyuma ya turubai la bluu, lililofunika ukuta wa ubavuni wa mgahawa, nyundo ikagonga. Ngo. Ngo. Kisha kimya.

Futi akaacha kucheka kabla ya Moshi.

"Wanajenga nini pale?"

"Ukarabati. Choo, nadhani."

"Choo kinachotazama barabara?"

"Nipe viazi, mwanamke. Njaa inaniua."

Mchana Shangazi mwenyewe akaja dirishani, kitenge kimenyooshwa, tabasamu limenyooshwa zaidi.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mkwe wangu. Nipe sahani moja."

Akailipia, akaifunika, akaiweka kwenye kiukuta karibu na turubai, akaingia zake ndani. Jioni Moshi akaifuata. Chakula hakijaguswa. Kesho yake ikawa vilevile. Na keshokutwa.

"Shangazi, mbona huli? Chumvi imezidi?"

"Chumvi iko sawa, mwanangu. Natazama tu." Akapapasa bodi la gari kama mtu anayepapasa mbuzi wa kuchinjwa. "Gari zuri hili. Uzuri wa gari, linaondoka."

Siku hiyohiyo ikaingia meseji, namba ngeni:

"Usijaze gesi mwezi huu."

Moshi akajibu: "Nani wewe?"

Alipomwonyesha Futi, jibu lilitoka kabla hajamaliza kusoma.

"Matapeli hao."

"Matapeli wanaomba hela. Tangu lini wakamkataza mtu gesi?"

"Mjini kuna vichaa. Futa."

Hakufuta. Ikaja nyingine:

"Kuna nafasi moja imebaki karibu na mahakama. Iombe mapema."

Moshi akaisoma mara mbili. Akatazama turubai, upepo ulikuwa unalivuta na kuliachia, kama kitu kinachopumua. Akajiambia yeye ni mchumba wa mpimaji, nani atamgusa? Akajaza mitungi yote.

Asubuhi ya ukaguzi, turubai halikuwepo.

Palikuwa na mlango. Mwekundu, mpana, wa vioo, unatazamana na dirisha la Moshi ana kwa ana. Shangazi alisimama kizingitini na funguo mpya mkononi.

"Karibu, mkwe. Kule mbele ngazi zinawatesa wazee."

Bosi wa jiji akafika, faili kwapani.

"Haya, Futi. Pima."

"Kutoka mlango upi?" Futi akauliza.

"Unaniuliza mimi? Kanuni si uliandika wewe?"

"Imeandikwa mlango wowote," Futi akasema, akiwa anatazama chini.

Akaanza kusukuma gurudumu la kupimia. Tik, tik, tik. Watu wa foleni wakanyoosha shingo. Gurudumu likafika kwenye alama nyeupe mapema mno.

"Hata nusu haifiki," bosi akasema. "Dada, ondoa gari leo. Likikutwa hapa kesho linavutwa."

Macho ya Moshi yalikuwa kwenye fremu ya mlango, chini kabisa, mahali fundi aliposahau kupaka rangi. Palikuwa na alama nyeupe. Mkato juu ya mkato.

"Shangazi, nani alikuchorea pa kutoboa ukuta?"

"Si huyu mwanangu? Nilimwomba tu anionyeshe mahali pazuri. Mtoto mtiifu huyu, hanikatalii kitu."

"Moshi, ngoja nikueleze," Futi akaanza.

Moshi akainua kidole, ngoja. Akatoa simu, akaipiga ile namba ngeni.

Ndani ya mkoba wa Futi, katikati ya kopo la rangi na brashi, kisimu cha vitufe kikaanza kulia.

"Pokea," Moshi akasema.

Hakupokea. Kikalia mpaka kikachoka.

"Nilikuwa nakuonya, mpenzi."

"Anayenionya anakuja na sura yake."

"Yule ndiye mama ninayemjua. Ningesimamaje mbele yake nimwambie hapana?"

"Ungesimama vilevile ulivyosimama mbele yangu kila siku, unakula viazi vyangu, nyundo inagonga, unaniambia choo."

Mtu mmoja kwenye foleni akaguna.

"Mwanangu," Shangazi akaita kwa upole, "njoo ndani. Jua kali hilo."

Futi akamtazama Moshi. Akautazama mlango. Moshi akasubiri, na ndani yake kitu kilikuwa bado kinaomba asiende.

Akaingia. Mteja wa kwanza wa mlango mpya.

Moshi akapanda garini. Alipotoka, alikuwa na sahani moja, imefunikwa vizuri. Akaiweka pale pale kwenye kiukuta.

"Shangazi, sahani yako ya leo. Hii usiiache ipoe."

Akateremsha dirisha, akafunga mitungi, akawasha gari. Kwenye kioo cha pembeni alimwona Shangazi akifunua sahani. Palikuwa na pete ya uchumba tu, katikati, kavu. Tabasamu likakunjamana.

Ile nafasi ya mahakamani ilikuwa bado wazi. Karani akamwandikia kibali, na Moshi akaegesha ndani ya mistari ambayo Futi mwenyewe alichora, imenyooka kama uzi. Mafuta hayajapata moto vizuri, wakili mmoja mwenye joho akasogea ananusa hewa.

"Wewe si yule wa kona ya mabenki?"

"Nilikuwa."

"Nipe viazi. Pilipili usinionee huruma."

Alikuwa anamfungia alipoona simu inatetemeka. Namba ileile, ambayo sasa si ngeni.

"Nisamehe. Nakuja hapo tuongee."

Moshi akafuta mafuta vidoleni, akaandika:

"Kanuni ni yako. Mita thelathini."

Akafikiri kidogo, akaongeza:

"Kutoka mlango wangu wowote."