Uji wa Nyanya Mkamburi

Jamani, nisikilizeni, hasa nyinyi mnaolea wajukuu. Haya yalitokea hapa hapa kwetu Makwasinyi, na mimi jirani sina pa kujificha.

Asubuhi kwa Mkamburi zilikuwa tamu. Ukipita njiani ulinusa njugu zikikaangwa, na mjukuu wake Shanice, wa miaka mitatu, aliimba akisubiri kikombe chake. Mama wa mtoto, Abby, alifanya kazi Voi, akamwachia mama mkwe mtoto bila wasiwasi. Uji ule wa mtama na njugu ulikuwa fahari ya Mkamburi. Watoto wake sita waliukulia, na hakuna aliyewahi kulazwa hospitali.

Kisha ngozi ya Shanice ikaanza kuwasha. Mabaka yalimtoka shingoni na mapajani, akajikuna hadi damu. Kila mtu akawa daktari. Mmoja alisema ni sweta ya mitumba iliyovaliwa kabla ya kufuliwa, mwingine akalaumu viroboto wa paka. Mimi, kwa mdomo wangu usio na breki, niliapa kwamba ni sabuni ya unga. Sabuni ikabadilishwa, mafuta yenye marashi yakatupwa, paka akafukuzwa, na vipele vikaendelea. Uji hatukuutaja, maana nani angeshuku chakula kizuri?

Abby alimpeleka mtoto kwa daktari Voi. Daktari alianza na maswali: anakula nini, na vipele hutoka baada ya muda gani. Alipompima akasema ni mzio wa njugu. Shanice asionje hata punje, na akivimba midomo akimbizwe hospitali mara moja.

Mkamburi roho ilimuuma. Aliona ni kama ameambiwa anamwekea mtoto sumu. Hata hivyo alitii, na baada ya wiki tano ngozi ya Shanice ilikuwa laini kabisa. Hapo ndipo hatari ilipoanza. Alinifuata shambani akaniambia mtoto amepona, na kwamba kijiko kimoja tu cha uji wa njugu kingeuzoeza mwili. Sikumkataza. Niliendelea kupalilia.

Kesho yake, saa nne asubuhi, nilimsikia akiniita. Shanice alikuwa mlangoni, midomo imefura, macho yamezibwa na uvimbe, kifua kikilia kama filimbi. Mabaka yalizidi kuenea huku tukiyatazama. Morris wa bodaboda alitubeba hadi zahanati, na njiani mtoto akaacha kulia. Kimya kile kilinitisha kuliko kilio. Muuguzi alimchoma sindano pajani kabla hata ya kuuliza jina, kisha mtoto akapelekwa Voi kwa ambulensi.

Alipona. Abby alifika wodini, akamgeukia mama mkwe wake.

"Mama, nilikwambia hata punje moja."

"Niliona amepona, Abby. Nilitaka tu anywe uji wangu tena."

Shanice alikuwa ameamka. Mkamburi alipompelekea maji, mtoto alijifunika mdomo kwa viganja vyote viwili, akageukia ukuta. Mkamburi alibaki na kikombe mkononi mpaka Abby alipokichukua. Wiki hiyo hiyo mtoto alihamia Voi, na Mkamburi hajaachiwa tena kumlisha.

FUNZO

Mtoto akitokwa na vipele, yako mengi ya kuangalia: vyakula kama njugu, mayai, maziwa na samaki, sabuni na mafuta yenye marashi, nguo ambazo hazijafuliwa, wadudu, hata dawa. Usikisie kama nilivyokisia mimi. Kumbuka alichokula na alichovaa, umpeleke akaangaliwe. Akikatazwa chakula fulani, ngozi ikawa laini, hiyo si dalili kwamba amepona. Ni dalili kwamba katazo linamlinda, kwa hiyo usimjaribu nyumbani. Na wewe jirani uliyeambiwa, sema. Mimi sikutaka kumuudhi mwenzangu, na nusura tumzike mtoto wa watu.