Mgongo wa Babu Kahongya

Niambieni, wajukuu wangu: kinaingia tumboni mwa gunia bila kulifungua, kinatoka na siri yake. Ni nini? Mmeshindwa? Ni kile chuma chenye mfereji ambacho mnunuzi wa kahawa huchoma nacho gunia, aone zilizo ndani.

Ah, miaka yetu ya Beni! Ua wote ulikuwa kahawa iliyoanikwa juani. Babu yenu Kahongya alichambua pamoja na dada yenu Ornella, akimwonya kila mara: "Usifiche mbovu chini. Chuma itaifikia."

Sasa tuko Butembo. Kila asubuhi kabla ya shule, Ornella humpelekea babu kikombe chake. Mwaka huu alianza kumkuta amelala kitini.

"Mugongo inakatala kitanda. Usiambie mutu," babu alimwambia. Mtoto akaahidi.

Baadaye hata kukojoa kukawa shida, tukampeleka hospitali. Walimtoa vipande vya tezi dume kwa sindano. Siku ya majibu alisindikizwa na Ornella.

Daktari Lusenge aliwaonyesha picha kwenye kompyuta. "Mzee, ni kansa. Tulipiga vile vipande picha, kompyuta ikapima namna chembe za mwili zinapangana. Zikipangana muzuri, kansa iko pole. Zikivurugika, iko kali. Yako iko katikati. Mimi pia niliangalia, tunapatana."

"Donc, kumbe mulinichoma sawa gunia ya kahawa," babu alisema.

Daktari akacheka. "Ni vile. Na mugongo, inakuumaka?"

Babu akageukia dirisha. "Mvua inakuja. Turudie nyumbani."

 Ornella alikuwa ameahidi kutosema. Lakini je, babu akipewa dawa isiyomfaa?

"Koko," alimwita babu yake, "unalalaka kwa kiti."

"Ornella, nilikukataza."

"Lakini koko, unaficha mbovu chini."

 Daktari akasogeza kiti chake karibu na mzee.

"Kompyuta inaona picha tu, maumivu haiyaone. Kama kansa imefika kwa mifupa, dawa itakuwa ingine. Mutoto hajakuaibisha, mzee. Mwenye kuficha ugonjwa anaulisha. Na wewe, Ornella, siri yenye kuumiza mutu, usiichunge."

Babu alivua kofia, akaiweka magotini. Akamtazama mjukuu wake, kisha daktari.

"Inaumaka, docteur," alisema. "Tangu Pasaka. Kwa misa benchi inaniumiza, ninasimamaka mpaka mwisho, batu banafikiri ni imani."