Asali Kwenye Kapu la Taka

Kila akitoka shule, Najiat hupitia dukani kwa baba yake mdogo, Idrisa, pale Isevya, mjini Tabora, akafagia na kupanga karatasi. Idrisa huchapia watu barua, na pia hutunza seva yenye masanduku ya barua pepe ya wateja wake.

Siku hiyo ufagio ulikuwa unarudia palepale. Macho ya Najiat yalikuwa mlangoni.

"Shikamoo, mama," Najiat alimsalimu Spesioza alipoingia.

"Marahaba, mwanangu. Imekuja?"

Spesioza ni kiongozi wa wafuga nyuki wa Ulyankulu. Tangu Jumatatu alikuwa kwa dada yake, mtaa wa Ipuli, akisubiri barua pepe ya mnunuzi kutoka Dar.

"Bado, dada," Idrisa alijibu. "Labda mnunuzi wako kaogopa nyuki."

"Wewe cheka tu. Leo ndiyo mwisho, kesho gari lake linapakia kwingine. Wenzangu nitawaambia nini?"

Najiat aliacha kufagia. Wiki iliyopita sanduku lake lilijaa matangazo ya asali ya kutibu kila ugonjwa. Idrisa alimruhusu arekebishe kichujio cha barua taka, cha sanduku lake tu. Yeye akajiona msaidizi wa wote, akaweka neno "asali" kwenye kanuni ya seva nzima. Na hii ni Tabora, ambako asali haikosi midomoni mwa watu.

Akaokota karatasi, akaiangusha, akaiokota tena. Spesioza alikuwa ameshafika kizingitini, akiondoka.

"Baba mdogo, ni mimi," Najiat alisema. "Nilizuia asali kwa watu wote."

Idrisa aligeukia kompyuta. Alifungua kapu la taka la Spesioza. Barua ilikuwamo tangu Jumanne, na namba ya simu chini yake. Spesioza akapiga palepale.

"Ndiyo, asali ipo. Njooni kesho."

Idrisa alimsogezea Najiat kiti. "Iondoe kanuni hiyo mwenyewe. Halafu iweke kwenye sanduku lako peke yake. Kila mtu anajua barua anazozitaka, usimchagulie. Na ukikosea, sema mapema. Ungengoja hadi kesho, ningerekebisha nini?"

"Mwache, mnunuzi kasema gari halijaondoka," Spesioza alisema, akijifunga kitenge vizuri. "Nitamletea chupa ya asali. Ila hiyo, binti, usiitupe."