Dakika Tatu Mwishoni mwa Kanda

Mvua ya Kakamega haikosi saa zake. Alasiri ile ya Agosti, mwaka wa tisini na tano, ilinyesha, ikamaliza, na watu wakaanza kutoka chini ya mabati ya soko wakirukaruka madimbwi. Kama ishirini hivi walisimama mbele ya duka la Masinde, mpiga picha za video za harusi na matanga. Masinde alikuwa ameigeuza runinga yake ielekee barabarani ili kuita wateja. Siku nyingine aliwawekea karate. Siku hiyo alikuwa akinakili kanda ya mtafiti mmoja wa ndege wa kule msituni, akaiacha ionekane kwa uvivu tu.

Ndani ya kanda, wanawake wanne walikuwa wakicheza katika kiwanda kitupu. Hakukuwa na muziki. Mmoja alikuwa akianguka, akiinuka, akianguka tena, na kamera ilimkaribia mpaka ukaona vumbi kwenye kisigino chake.

"Fundi, hawa ni wagonjwa?" mtu akauliza.

"Weka karate, bwana! Unatupotezea wakati!"

Watu wakacheka. Masinde akanyoosha kidole kwenye kitufe.

"Usizime!"

Aliyesema alikuwa msichana wa sketi ya kijani iliyopigwa pasi vizuri. Viatu vyake alivishika mkononi kwa sababu ya matope, na nywele zake zilisukwa mistari myembamba ya kurudi nyuma. Alijipenyeza mpaka mbele bila kumwomba mtu radhi.

"Dada, hii haina hadithi," Masinde akamwambia.

"Ina hadithi. Wewe tu huioni."

"Haya, nisimulie."

"Huyu anaanguka kwa sababu hakuna anayemtazama. Angalia kamera inavyomfuata. Ikimfikia usoni, atasimama."

Kamera ikasogea, ikasogea, ikafika usoni. Yule mwanamke akasimama wima, akatulia. Masinde akamtazama msichana badala ya runinga, na kuanzia hapo kazi ikamshinda siku nzima. Aliitwa Navalayo, mpiga taipu katika ofisi moja ya serikali pale mjini, mkaaji wa mtaa wa Amalemba.

Kesho yake simu ya duka ikalia.

"Haloo, hapa ni ofisi ya serikali. Tunamtafuta mwanamume anayeficha wachezaji wanne dukani."

"Mheshimiwa, wametoroka wote. Nimebaki peke yangu."

"Basi tutakuja kukukamata saa kumi na moja."

"Njooni na pingu laini, mikono yangu haijazoea shida."

Navalayo akacheka mpaka karani wa meza ya pili akamkazia macho. Saa kumi na moja alikuwa dukani, ameketi juu ya kreti ya soda, akitazama kanda ileile. Alikuja tena kesho yake, na kesho kutwa. Jescah, msichana wa kaunta, akaanza kumwekea chai bila kuulizwa.

"Wewe unapendanga nini hasa kwa hii kitu?" Masinde alimuuliza siku moja.

"Nimecheza isukuti, ngoma yetu, tangu utotoni. Naipenda, lakini pale uwanjani aliyekaa nyuma ananiona mimi nzima, haoni mkono wangu peke yake. Kwa kamera, nikikunja kidole kimoja tu, hata mtu wa Mombasa atakiona." Akakunja kidole, akamwonyesha. "Umeona?"

"Nimeona," Masinde akasema, na haki ya Mungu, alikuwa ameona.

Ndipo Navalayo akatoa kipande cha gazeti kutoka mkobani. Kikundi kimoja cha dansi Nairobi kilitaka vijana sita wa kufunzwa mwaka mzima. Anayetaka atume kanda ya video kabla ya mwisho wa Septemba, na awe hajatimiza miaka ishirini na mitano. Navalayo angeitimiza Januari.

"Ni sasa au basi," alisema. "Utanipiga picha?"

"Malkia wangu, hata sasa hivi."

Wakachagua nyumba ya mjomba wake pale Amalemba, iliyokwama kabla ya kuezekwa. Jumamosi asubuhi Navalayo alifika na gauni la kijivu, amejifunga leso kiunoni, miguu mitupu. Kukhu yake wa Matete, mama wa mama yake, ndiye aliyemlea, naye alikuwa na namna yake ya kusiriba nyumba kwa samadi: kiganja kinazunguka ukutani, bega linafuata, kisha mwili mzima unashuka mpaka sakafuni. Huo ndio mwendo Navalayo aliougeuza dansi.

"Hilo la miguu mitatu liache," alimwambia Masinde aliyekuwa akihangaika na stendi. "Beba kamera begani, unifuate."

Masinde akamfuata. Alirudi nyuma alipojiwa, akapiga magoti, akazunguka naye kuta nne na ile kamera nzito kama mtungi. Manyunyu yalianza, hawakusimama. Dakika tisa nzima hapakusikika ila nyayo zake kwenye saruji.

Walipoitazama dukani, Navalayo alijiziba mdomo kwa mikono miwili.

"Kumbe huyu ndiye mimi."

"Ndiye wewe."

"Na hizi pumzi ni za nani?"

"Za kamera."

"Muongo! Kamera gani inahema hivi?" Akamwekea kiganja kifuani. "Ulikuwa unacheza na mimi, Masinde."

"Nilikuwa nakupenda, mama. Ni vile sikuwa na mkono wa kukushika."

Hakucheka tena. Walikaa hivyo, kiganja pale pale, mpaka Jescah akakohoa kwa nguvu kule kaunta.

Masinde aliitoa kanda, akaandika NAVALAYO kwenye kasha. Navalayo akagusa kipande kidogo cha plastiki kwenye mgongo wa kanda.

"Hiki ni cha nini?"

"Kikinga. Ukikivunja, hakuna mtu anaweza kurekodi juu yake tena."

"Basi kivunje."

"Tungoje kidogo. Kesho kukiwa na jua labda turudie ule mwisho."

Kesho hawakurudia chochote. Kukhu alifariki alfajiri ya Jumapili.

Mazishi yalifanyika Matete siku ya Ijumaa, na Masinde ndiye aliyekuwa na kamera. Mama yake Navalayo alikuwa amelazwa, amepasuliwa juzi tu, hakuweza kumzika mamake. Kwa hiyo kanda zile zilikuwa za kumwonyesha yeye. Lakini nani asiyejua matanga yetu? Wahubiri wanne walisema, shemeji wakasema, mabinamu kumi na mmoja wakasema, na kila mmoja aliahidi kuwa mfupi. Jeneza lilipoinuliwa, kanda ya mwisho ikakwama: imejaa.

Masinde akapekua begi. Mlikuwa na kanda moja tu, ile ya Navalayo. Tangu Jumamosi alikuwa akitembea nayo, hataki kuiacha popote. Akaikodolea macho. Dansi inaweza kurudiwa, akajiambia, na Kukhu hazikwi mara mbili. Akaitia kwenye kamera, akabonyeza.

Kufikia hapo simlaumu. Hata mimi ningefanya hivyo. Subirini.

Jioni ile alitaka kumwambia, akamkuta amelala mapajani pa shangazi zake, sauti imemkauka. Akasema atamwambia Jumatatu. Aliirudisha kanda mwanzo, kama ilivyo desturi ya kazi yake, akaitia kwenye kasha lake, akaiweka kwenye rafu ya dukani. Jumamosi akaenda Mumias kupiga harusi, akalala huko.

Aliporudi Jumapili, Jescah alimpokea kwa furaha.

"Navalayo alipita jana akachukua kanda yake. Ameshaituma Nairobi na basi. Alisema angekaa tu angelia, afadhali afanye kitu."

"Aliitazama?"

"Kwa haraka ile? Wapi! Na kwao hakuna hata runinga."

Masinde akakaa chini. Hapa ndipo ninapotamani ningekuwepo, nimshike mabega nimtikise! Zilibaki siku kumi na tatu. Nyumba ya mjomba ilikuwa pale, kanda mpya zilikuwa dukani, na miguu ya Navalayo ilikuwa mizima. Neno moja tu lilitakiwa.

Jumatatu simu ikalia.

"Mpenzi, unafikiri wameiona?"

"Labda bado."

Jumatano: "Na sasa?"

"Tulia, mama. Nairobi wana mambo mengi."

Kila simu ilipofungwa alijiambia, kesho. Aliogopa hasira yake, ndiyo. Lakini kulikuwa na jambo jingine, nalo alilijua hata kama hakutaka kulitazama: wiki ileile alikuwa amemwagiza seremala kitanda kipana. Navalayo asipochukuliwa, atabaki Kakamega. Siku zikaenda, Septemba ikaisha.

Barua ilikuja katikati ya Oktoba pamoja na kanda. Simu ya duka ililia saa nne asubuhi, na safari hii hakukuwa na ofisi ya serikali.

"Masinde, wanasema nipokee rambirambi zao. Wanasema wameona mazishi, hawakuona dansi. Walipewa nini?"

Masinde akauzungusha waya wa simu kidoleni.

"Uliwapa mazishi ya Kukhu yangu?"

"Kanda ziliisha, Navalayo. Siku ile—"

"Ulijua lini kwamba nimeituma?"

"Jumapili. Niliporudi Mumias."

Akamsikia akihesabu kwa kunong'ona. "Siku kumi na tatu. Na mimi nakupigia kila siku kama mjinga. Ulibadilisha makusudi!"

"Hapana! Niliogopa."

"Uliogopa nini?"

Angeweza kudanganya. Akasema kweli, kwa kuchelewa. "Kwamba utaenda."

Simu ikakatika. Alimfuata Amalemba mara nne, mlango haukufunguliwa. Barua zake zilirudi hazijafunguliwa. Kufikia Krismasi Navalayo alikuwa ameomba uhamisho hadi Mumias, na kile kitanda kiliuzwa kwa mtu mwingine.

Miaka mitatu ikapita. Desemba ya tisini na nane, asubuhi, Masinde alikuwa akipangusa vumbi kwenye runinga aliposikia nyuma yake, "Mulembe, Masinde."

Alikuwa amekata nywele fupi kabisa. Amevaa gauni la bluu la kola nyeupe, na viatu safari hii vilikuwa miguuni.

"Mulembe, Navalayo. Ka... karibu. Kaa."

Akakaa juu ya kreti ileile.

"Sikuja kwa ajili yetu," alisema haraka. "Tunajengea kaburi la Kukhu. Mama anauliza mpaka leo kwa nini kanda zake zinaishia jeneza likiinuliwa. Anataka kumwona mamake akishushwa." Akatoa kanda mkobani. Kasha lilikuwa bado na jina lake. "Mimi sijawahi kuitazama. Mnakilie."

"Unaweza kungoja nje."

"Nitatazama."

Jeneza likatokea, mikono, kamba, udongo mwekundu. Halafu, juu ya vilio vyote, karibu kabisa na kamera, ikasikika sauti ya mwanamke iliyopasuka: "Masinde, piga yote! Mama hayuko! Usiache hata kidogo, nakuomba!"

Navalayo akageuka. "Ni mimi huyo?"

"Ni wewe."

"Mimi ndiye nilikuomba." Machozi yakaanza. "Mbona siku ile kwa simu hukuniambia? Ungejitetea!"

"Ningekutupia wewe mzigo, na bibi yako ndiyo kwanza amezikwa? Na halafu, hilo halikuwa kosa langu. Kosa langu unalijua."

Udongo ukajaa, dakika sita zikaisha, runinga ikawa chengachenga tupu. Masinde akanyoosha kidole kwenye kitufe.

"Usizime."

Chenga zikatulia. Mguu mtupu ukakanyaga saruji iliyolowa. Kiganja kikazunguka ukutani, bega likafuata, mwili mzima ukashuka. Navalayo wa miaka ishirini na minne alikuwa pale, manyunyu usoni, na pumzi za mtu zikimfuata kona hadi kona. Dakika tatu za mwisho, hazikuguswa. Nairobi walizima wakati wa mazishi. Wangengoja kidogo tu wangemwona. Na Masinde angeitazama kanda yake mwenyewe siku ile ya Ijumaa, angekuwa na kitu cha kumwambia.

Wakaitazama mpaka ikaisha.

"Nilikuwa mzuri," Navalayo akasema.

"Ulikuwa mzuri sana. Cheza tena, nitakupiga."

"Nafundisha watoto wa shule moja kule Mumias, Jumamosi. Inatosha."

"Basi niolewe." Maneno yalimtoka vibaya, akayarekebisha. "Nataka kusema, nikuoe, Navalayo. Sijapenda mwingine. Nimejaribu."

Alimtazama kwa upole uliomuumiza kuliko ile simu.

"Ungeniuliza wakati ule ningekubali, kichwa maji wewe. Ningeenda Nairobi mwaka mmoja, nikarudi kwako. Nilikuwa nimeshaamua, nilingoja tu uniulize."

"Na sasa?"

"Kwa kufuta nimekusamehe leo. Lakini nikikubali, kila siku ukinyamaza mezani nitaanza kuhesabu. Moja, mbili, mpaka kumi na tatu. Sitaki kuishi na wewe nikihesabu."

Masinde akainamisha kichwa. Alinakili mazishi kwa ajili ya mama, na zile dakika tatu kwenye kanda nyingine, akaitoa ile kanda yenyewe, akampa. Navalayo hakuipokea.

"Kivunje."

Masinde akaingiza ncha ya bisibisi chini ya kikinga, akabonyeza. Kikaruka, kikaangukia kaunta. Navalayo akaitia kanda mkobani pamoja na ile ya mama.

"Nibaki na nakala ya zile dakika tatu?" Masinde akauliza.

"Baki nayo," akasema. Akamshika shavu mara moja kwa kiganja chake, akatoka, akapotelea upande wa stendi ya magari ya Mumias.

Alasiri mvua ilinyesha, ikamaliza. Watu wakakusanyika mbele ya runinga iliyogeuzwa barabarani, wakamwona msichana wa gauni la kijivu akizungusha kiganja ukutani bila muziki wowote.

"Fundi, weka karate!" mmoja akapaza sauti. "Hii haina hadithi!"

"Ina hadithi," Masinde akajibu, akairudisha mwanzo.