Alistidia Ajifunza Maana ya Msikiti

Alistidia na Zabibu walikuwa majirani huko Buhembe, Bukoba. Alistidia ni Mkatoliki, Zabibu ni Mwislamu. Waliazimana majembe na kupeana mbegu za maharage. Mmoja akiugua, mwenzake alimpikia.

Farida, binti wa Zabibu, alipata mchumba. Ndoa ilipangwa kufungwa msikitini, Kashai. Farida alimwomba Jovina, binti wa Alistidia, amsindikize, kwa kuwa walikua pamoja.

Alistidia akakataa. Aliwahi kusikia sokoni kwamba neno "msikiti" limetokana na "kusikitika". Alikuwa anajifunza kusoma katika darasa la watu wazima. Alipoyaandika maneno hayo mawili, aliona yanafanana, akaamini. Alimwambia Zabibu kuwa Jovina hawezi kwenda arusini katika nyumba ya masikitiko. Ni mkosi.

 Zabibu aligeuka akaenda kwake. Tangu hapo hawakusalimiana. Jovina naye alikuwa akilia jikoni.

Mwishowe Alistidia alimuuliza mwalimu wake, Benadetha. Mwalimu alimwambia kuwa maneno yanaweza kufanana bila kuwa na asili moja.

"Kuna kaa la moto, na kuna kaa wa majini," alisema. "Je, hao ni ndugu?"

Kuhusu neno msikiti, mwalimu hakuwa na uhakika. Wakaenda pamoja kwa Shehe Riyadhi, anayefundisha madrasa mtaani.

"Neno hili limetoka katika Kiarabu, masjid," shehe alieleza. "Maana yake ni mahali pa kusujudu. Waswahili walilitamka kwa namna yao, likawa msikiti. Halihusiani na kusikitika."

Alistidia alishangaa. Kusujudu alikujua. Katika Biblia yake, mamajusi walimsujudia mtoto Yesu. Shehe akaongeza kuwa hata neno "kanisa" limetoka katika Kiarabu. Alistidia alitazama chini. Aliona aibu.

Kutoka hapo alikwenda moja kwa moja kwa Zabibu. Alimkuta akimenya ndizi.

"Mama Farida, nyumba yenu ya sala niliiita nyumba ya masikitiko," alisema. "Niliyasikia sokoni, nikasema nisilolijua. Waitu, mwenzangu, nisamehe."

Zabibu alimaliza kumenya ndizi aliyoishika.

"Kutojua si kosa, Mama Jovina. Kilichoniuma ni kwamba uliwaamini watu wa sokoni, na mimi niko hapa miaka yote. Kwa nini hukuniuliza?"

 Alistidia alichukua kisu, akaketi, akamsaidia kumenya.

Siku ya arusi Jovina alimsindikiza Farida. Alistidia alijifunga mtandio, akavua viatu mlangoni, akaketi upande wa wanawake. Mengi hakuyaelewa. Kila alipokwama alimnong'oneza Zabibu, naye Zabibu akamweleza.